Yaya Konsolata, Migomba Bado Imesimama

Yaya Konsolata,

Nianze na habari ambayo najua unaingojea huko uliko: jirani yetu Melkioro bado hajarudi Burundi. Anasema ni mwaka kesho.

Mimi mzima, mgongo ndio unalalamika. Nimekaa kibarazani nyuma ya cherehani, mvua ya asubuhi inapiga bati, na kitambaa cha sare za shule kimelala chini ya sindano muda mrefu kuliko inavyofaa. Mama Neema amepita mara kadhaa akikohoa kikohozi kile cha mke anayeona mume hafanyi kazi. Namwacha akohoe. Jana, miezi mingi tangu tukuzike, tumeondoa matanga yako, ile nyinyi Warundi mnaita kuganduka, na kwa desturi yenu kila aliyemjua marehemu husimama akasema neno. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, mimi Fundi Wilondja, ambaye wewe ulikuwa ukisema kwamba siku nikifa mdomo utazikwa peke yake, kesho yake. Nikasema, "Konsolata alikuwa jirani yangu." Nikakaa.

Watu walishangaa sana. Mama Neema aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina malaria.

Basi, yaya, wewe niliyekuita dada mkubwa, niliyoshindwa kuyasema jana nayaandika leo, na usinikatize.

Unakumbuka tulivyokikuta kilima hiki cha kambi ya Nakivale, huku Uganda? Miiba, vichuguu, na njia za ng'ombe zinazoshuka ziwani. Tukapewa kila mtu kipande chake, bashi nyeupe ya kuezekea na jembe, nyinyi kutoka Burundi, sisi kutoka upande wa Fizi, Kongo, na jua la Isingiro likatuunguza wote bila kuuliza nani ametoka wapi. Tulipanda maharage na mahindi, vitu vya kuvuna upesi na kwenda zetu, maana sote tulikuwa watu wa kuondoka. Melkioro ndiye alikuwa mbele yetu kwa kuondoka. Sanduku lake hakulifungua. Miezi mingi alikuwa anachomoa shati moja moja kupitia pembeni, kama mtu aliyelala hotelini.

Halafu wewe ukaleta migomba.

Tulikuwa tumekwenda Kabingo kutafuta kibarua, tukapalilia shamba la mama mmoja Mnyankole, mwenyeji wa huku, ambaye migomba yake ilikuwa imefunga jua mpaka saa sita mchana ilikuwa giza chini yake. Jioni akatuambia kila mmoja achague mkungu. Mimi nilikuwa nimeshaukumbatia wangu kabla hajamaliza kusema. Wewe ukainama kwa heshima, ukamwambia mkungu hutaki, unataka vichipukizi. Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno: "Sasa leo wewe nakula nini?" Ukamjibu, "Leo nitakula kwa Fundi."

Na ukala kwangu kweli, na hukula kidogo. Mkungu wangu ukaisha kabla ya Jumapili. Vichipukizi vyako vikawa msitu.

Nakumbuka Melkioro alivyokuja kusimama kwenye ukingo wa shimo ulilokuwa unachimba. "Konsolata," akasema, "mkimbizi hapandi mgomba. Mgomba ni wa mtu aliyefika." Hata kichwa hukuinua. "Mimi sijafika," ukasema, "ila tumbo langu limefika. Hebu nisogezee hiyo samadi." Akakusogezea, masikini. Mpaka leo hajui kwa nini alikusogezea.

Na si yeye peke yake. Kilima kizima kilikusema. Wengine waliogopa kwamba wakubwa wa kambi wataona tumejisahau. Wengine waliogopa jambo baya zaidi, ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba ukipanda kitu kinachokaa miaka, umekiri mwenyewe kuwa kurudi hakupo. Wewe ulikataa kuchagua. Ulisema unaweza kusubiri safari huku umeshiba. Ukaanza kugawa. Mtoto akizaliwa kwenye nyumba yoyote, ya Mrundi au ya Mukongomani, ulifika na chipukizi begani kabla hata padri hajasikia. Neema wangu alipozaliwa ulichimba wewe shimo lake, maana mimi nilikuwa nimeanza kuchimba ukaninyang'anya jembe. "Fundi," ukasema, "unalima kama mtu anayeogopa kuuamsha udongo."

Lakini nisikufanye mtakatifu, utanifokea. Kuna ile habari ya kiboko.

Mwaka ule wa jua kali ulitangaza kwamba kwenu kiangazi kikifika watu hushuka bondeni kulima kwenye tope, na kwamba sisi Wakongomani tumekaa kulilia mvua juu ya mlima wakati ziwa lile pale linatutazama. Tukakufuata. Tukapanda maharage karibu na maji, mistari imenyooka kama mshono wangu siku nikiwa na miwani. Yakaota ajabu. Asubuhi moja tukashuka tukakuta shamba limenyolewa, na nyayo kubwa kama masufuria ya harusi. Mabonde ya kwenu hayakuwa na kiboko, yaya. Ulisimama pale mikono kiunoni, watu wote wakingoja utasema nini, ukasema, "Angalau amepalilia."

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye tope. Msimu huo tulikula njaa, lakini tulicheka.

Kazi tulifanya kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Nyinyi mliita ikibiri, sisi tuliita salongo, na maneno hayo mawili tuliyaacha yakae pamoja kama sisi. Na panga lilikuwa moja. Nasema moja kwa sababu mengine yalikuwa mabati tu yenye mpini. Lako, lile lenye ncha iliyopinda, ulilovuka nalo limefungwa ndani ya mkeka, lilikata mgomba kama linakata ugali. Na halikulala kwako hata wiki. Aliyelitaka alilichukua. Mtu akikuuliza panga liko wapi ulijibu, "Liko kazini." Ulisema chombo kikikaa nyumbani kinajifunza uvivu wa mwenye nyumba, na ulipokuwa ukisema hivyo jicho lilikuwa kwangu.

Na Mbarara je! Siku ile tulipopanda juu ya lori na mikungu yetu ya kwanza ya kuuza, wewe umekaa juu ya mzigo kama mke wa shefu wa kijiji, mimi nimeshikilia kamba kwa mikono yote miwili na sala. Sokoni wale wamama wakatuzunguka. Mmoja akainua mkungu wako, akaugeuza. "Hii matoke natoka wapi? Nakivale? Kwani wakimbizi nalima matoke? Nyinyi si nakula posho?" Mimi nikaanza kutafuta fasi ya kujificha. Wewe ukachukua ndizi moja, ukaiweka mkononi mwake. "Pika kwanza, halafu nitukane," ukamwambia. Wiki iliyofuata alikuwa anatungoja kwenye geti la soko, na akawaambia wenzake, kwa sauti, kwamba hawa ni watu wake. Tukapanda lori kurudi. Tulipopita Kabingo ukanipiga kiwiko ukasema, "Fundi, umesikia? Tumeitwa watu."

Basi. Hapo ndipo nilitaka kufika jana.

Ulifia Mbarara, hospitalini, na figo ambazo ulizidharau kama ulivyomdharau Melkioro. Binti yako Spesioza, aliyekuwa ametoka kwenye kazi yake ya kupika hotelini, alikaa kando ya kitanda mpaka mwisho, na ndiye aliyetuletea maneno yako ya mwisho. Nilitegemea sala. Ulisema, "Mkiniaga kwa soda, nitarudi niwapige."

Kwa hiyo ilibidi iwe pombe ya ndizi. Mimi mtu wa kanisa, sinywi, ingawa ulikuwa ukisema mlokole anaijua harufu ya pombe kwa mbali kuliko mlevi. Sikubisha. Kila nyumba ikasema itatoa mkungu wake. Na tulipoingia kwenye migomba yako na Spesioza, tukakuta mkungu mmoja umeiva. Umeiva mtini, kabla ya wakati wake, njano ndani ya kijani. Wamama wakapiga yowe. "Hata migomba imejua! Imejiivisha yenyewe kwa ajili ya mwenyewe!" Tukalia sote. Ndizi ambazo hazikuhitaji shimo wala moshi wa kuziivisha! Tuliona ni zawadi yako.

Spesioza akaukata na panga lako. Halafu likazuka wazo, na hakuna anayekumbuka lilitoka mdomo gani, kwa sababu lilikuwa kwenye kila moyo: panga hili liage. Lipite kila nyumba lililowahi kufanya kazi, likate mkungu mmoja pale, liende kwa jirani. Tukapanga mstari. Panga mbele, wimbo nyuma, na mimi katikati na mikungu kichwani, maana hakuna aliyethubutu kunipa panga, unajua sababu na kidole changu kinajua. Tukapita kwangu, wakakata kwenye mgomba wa Neema. Tukapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka mwisho wa kilima. Nyumba ya Melkioro tu tuliiruka, kwa kuwa hakuna cha kukata. Alisimama mlangoni akavua kofia.

Sijawahi kuona maziko mazuri kama yale. Pombe, wanasema, ilikuwa tamu.

Miezi ikapita. Kisha majani ya migomba yako yakaanza kuwa manjano na kulegea, kama mtu ameyamwagia maji ya moto. Tukasema ni jua. Halafu kwangu. Halafu kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Yaya, ugonjwa ulifuata njia ile ile tuliyopita tukiimba.

Akaja bwana shamba mmoja, Mnyankole kijana, mpole, buti zake safi. Akakata shina, likatoka tope la njano kama usaha wa jipu. Akapasua ndizi, ndani ina madoa ya kutu. "Hii ni mnyauko," akasema. Halafu akatutazama tuliojazana pale, akauliza: "Nani hapa nakata na panga moja?"

Tukanyoosha mikono wote. Kwa fahari! Tulidhani anatusifu. Mmoja akaongeza, "Sisi ni bantu ba umoja, bwana." Yule kijana akavua kofia yake, akaishika kifuani, ndipo akatueleza. Mkungu ulioiva kabla ya wakati haukuwa zawadi, ulikuwa dalili. Maji ya mgomba mgonjwa yanabaki kwenye makali, na panga likienda kukata mgomba mzima linauambukiza.

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mbuzi tu ndiye alikuwa anaongea.

Spesioza aliondoka. Nilimfuata nikamkuta nyuma ya nyumba yako, panga mkononi, anataka kulitupa chooni. Ananiambia ni yeye aliyeanza kukata, ni yeye aliyeua migomba ya mama yake. Mimi siyo mtu wa kufariji, ninapofariji watu hulia zaidi. Lakini siku ile Mungu alinipa neno. Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako angekuwa bahili, leo tusingekuwa na ugonjwa. Wala tusingekuwa na migomba." Akanitazama. Akacheka kidogo, akalia sana, akanipa panga. Nililishika kwa kitambaa, kama nyoka.

Sasa sikia lililofuata, maana hapa ndipo ungependa kuwepo.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akaita mkutano. Si mtu mbaya, unamjua, ana hofu tu ya kuzaliwa nayo. Akasema migomba yote ing'olewe, yote, mgonjwa na mzima, tupande mahindi, mambo yaishe. "Ugonjwa ukivuka ukafika kwenye mashamba ya wenyeji kule Ngarama," akasema, "watasema nini? Watasema wakimbizi wameuleta. Na hapo mtasikia kama kuna mtu atatuita watu." Watu wakainamisha vichwa. Yaya, alikuwa na haki ya kuogopa, na hilo ndilo lililotuuma. Nikaona majembe yetu yameshaanza kukubali. Nikaona mgomba wa Neema umelala chini.

Akasimama Melkioro. Nikajisemea, haya, sasa atatuambia: si niliwaambia?

"Mimi," akasema, "nimekuwa nikiondoka tangu siku tuliyofika. Kila mwaka ninaaga. Na kila mwaka nikiaga, Konsolata ananipa ndizi za njiani. Nimekula ndizi za njiani miaka yote hii, na njia yenyewe sijaiona. Sasa mnataka kuzing'oa kabla sijasafiri? Nitakula nini nikiondoka?"

Mkutano mzima uliangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka, na mtu akishacheka ni vigumu kung'oa. Melkioro akamgeukia bwana shamba. "Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo. Ngumu. Kukata shina lililougua peke yake, chini kabisa kwenye udongo, na kuyaacha mazima ya ubavuni. Kupitisha panga motoni kila baada ya kukata, kila baada ya shina moja, si mwisho wa siku. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu kulivunja kwa ufito wenye panda, bila chuma, wadudu wasipate fasi ya kuingilia. Na kila nyumba na panga lake. Hakuna kuazima. Hakuna kuazimana hata kwa ndugu. "Nyumba moja kama nachoka," akasema, "nyinyi yote kwisha. Mtaweza?"

Mama Neema, ambaye hajawahi kusema kwenye mkutano wowote, akajibu kwa niaba ya kilima: "Kwanza tuulize kama tunajua kushindwa." Mwenyekiti akatupa muda mpaka kuganduka kwako. Siku hiyo ikikuta manjano inaendelea, anang'oa.

Na sisi tukakataa kung'olewa.

Unajua kazi hatukuiogopa. Kilichotuua ni kunyimana. Fikiria wewe watu wa ikibiri, watu wa salongo, wanaambiwa jirani akija kuomba panga umwambie hapana! Wiki za kwanza watu walikuwa wanajificha ndani wakisikia mtu anapiga hodi. Shemeji yake Melkioro alinyimwa panga na dada yake wa tumbo moja, wakakaa bila kusalimiana mpaka Pasaka. Mimi mwenyewe alikuja mtu kuniomba mkasi wa cherehani, nikamuuliza, "Umeupitisha motoni?" Ilikuwa imetuingia.

Na moto alikuwa nao Melkioro. Yeye hakuwa na mgomba, uwanja wake ulikuwa safi, tukamkabidhi. Ungemwona! Anatembea na mbabula yake ya makaa, anamfuata mkataji kutoka shina hadi shina, anapuliza, anangoja makali yabadilike rangi, ndipo anatikisa kichwa: haya, kata. Kama mtumishi wa altare na chetezo. Mtu akijaribu kuruka shina moja bila moto anamfokea kwa Kirundi mpaka Wakongomani wote wakaelewa Kirundi. Mimi nilipewa ufito wenye panda, kazi isiyo na makali, na nakuambia kwa unyenyekevu wote kwamba sasa hakuna anayevunja ua la mgomba vizuri kuliko mimi toka hapa mpaka ziwani. Ni kazi ya jicho, kama kutoa uzi kwenye pindo. Ungenisifu. Hapana, usingenisifu.

Migomba yako iliisha, yaya. Nataka uisikie kwangu. Ndiyo iliyoanza kuugua na haikubakisha kitu. Tuliikata tukaizika pale pale, hakuna aliyeimba.

Mgomba wa Neema ukaugua nao, shina mama. Nililikata mwenyewe, kwa panga langu la bati, Melkioro ameshika moto kando yangu. Chini yake kulikuwa na chipukizi, dogo, majani yamejikunja. Bwana shamba akasema liachwe, tuone. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nilikwenda kulitazama jani. Mama Neema akasema sikumtazama yeye hivyo hata wakati wa uchumba. Kweli.

Juzi walikuja. Bwana shamba mbele, mwenyekiti nyuma na mkono kwenye kidevu, sisi wengine kama wafiwa. Wakapita nyumba kwa nyumba, njia ile ile ya panga. Kuna nyumba ambazo zimebaki uwanja mtupu, sikufichi. Kuna nyumba ambazo imebaki nusu. Na kuna nyumba ambazo migomba imesimama kama ulivyoiacha, kijani mpaka ukingoni mwa jani. Manjano mapya hawakuyaona. Walipofika kwangu kijana akapiga magoti kwenye matope na buti zake safi, akashika chipukizi la Neema, akalitazama huku na huku. Sasa ni shina zima, limenipita kimo, ingawa hilo si jambo kubwa. Akainuka. "Hii nasimama," akasema.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi isimame," akasema. "Lakini mkilegea, mimi niko."

Tukamwambia na sisi tuko.

Jana tukaganduka. Pombe ilikuwa ya mtama, yaya, kwa sababu ndizi zilizobaki hazitoki nyumba moja kwenda nyingine. Wageni walinung'unika. Lakini haikuwa soda, kwa hiyo usije kutupiga. Spesioza alisimama akasema kiwanja cha mama yake hakihami mkono, atakilima yeye kila akipata ruhusa kazini, na mwaka huu udongo ule upumzike. Ana kidevu chako.

Sasa habari ya mwisho, ambayo nimekuwekea kama mtu anavyoweka nyama pembeni ya sahani.

Wiki iliyopita nilikwenda Kabingo. Yule mama yupo, amezeeka, migomba yake bado inafunga jua. Nilipalilia mpaka jioni, vibaya, akanivumilia. Akaniambia nichague mkungu. Nikainama kama ulivyoinama, nikasema mkungu sitaki, nataka vichipukizi. Akanitazama sana, akasema, "Kuna mama mmoja alisema hivyo." Akanipa vichipukizi vizima, vilivyokaguliwa. Akanipa na mkungu pia. Nikaula. Siwezi kukudanganya wewe.

Lakini tungevipanda wapi? Bwana shamba anataka udongo ambao haujawahi kushika mgomba. Tukakaa tukafikiri, kilima kizima, ni kiwanja gani hapa hakijawahi kushika mgomba wako. Kisha vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Melkioro alichimba mashimo yeye mwenyewe. Mapana, marefu, kama vile alikuwa akiyapima kichwani miaka yote hii. Samadi nilimsogezea mimi. Anasema anawatunzia wenzake tu, atawakabidhi akisafiri. Sanduku lake amelitoa nje, amelifungua lote, analitumia kuchotea majani makavu ya kufunikia vichipukizi.

Kwaheri, yaya. Mvua imepungua, Mama Neema amekuja kusimama mbele yangu na sasa hakohoi tena, amekunja mikono, kwa hiyo inabidi nishone. Jua la hapa litujaribu tena, kiboko ashuke na watoto wake wote, watu waseme tena kwamba mkimbizi hapandi mgomba. Watatukuta shambani.

Panga lako liko kwangu. Spesioza ameniachia akisema mimi ndiye pekee anayeliogopa kiasi cha kutolitumia. Mpini uliungua kwa moto wa Melkioro, nimeutia mwingine, na nimelitundika juu ya cherehani ambapo naliona nikiinua kichwa. Maisha yako yote ulilitoa kwa kila aliyeomba, na mimi nakuahidi kinyume chake: silitoi. Aje ndugu, aje padri, aje mwenyekiti mwenyewe. Hata ukirudi wewe usiku wa leo ukapiga hodi ukasema, Fundi, nipe panga langu, nitafungua mlango nusu, nitalia kwa furaha, halafu nitakuuliza kwanza:

Umepita kwa Melkioro kwenye moto?

Jirani yako,
Fundi Wilondja